Mdhamini wa Dada Nadia

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nesi amesema niandike kila siku: uzito wa dada, maji aliyokunywa, kama miguu imevimba. Binti yangu Amira amenipa daftari lake la chuo, nusu halijaandikwa. Haya. Kilo hamsini na tisa. Maji vikombe vitatu na nusu. Miguu imevimba kidogo. Mvua.

Jumanne, 7 Oktoba

Kilo sitini. Vikombe vinne. Cha nne alikiiba, nilimkuta bafuni amefungua bomba taratibu ili nisisikie.

Alhamisi, 9 Oktoba

Hili daftari naona litakuwa zaidi ya kilo na vikombe, kwa hiyo acha niseme mimi ni nani. Mimi ni Mwanvua, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura. Niliondoka mwaka 1998, vita vikiwa vimepamba moto. Nilikuja hapa Brussels na mume wangu Hassan, na sijarudi hata mara moja. Mwanzo karatasi za ukimbizi zilinikataza. Baadaye nilipata uraia, nikasema mwaka ujao. Baada ya hapo nikawa naogopa, na sikujua naogopa nini.

Nadia ni dada yangu mkubwa. Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita, na yeye kumi na saba. Ndiye aliyenilea. Alinisuka nywele, akanipeleka madrasa, akanichapa, akanioza. Miaka ishirini na saba nimemsikia kwa simu tu. Aprili alikuja kwa harusi ya Amira, na viza ya miezi mitatu. Nilimwona pale uwanja wa ndege akisukuma sanduku, nikakaa chini sakafuni kama mtoto.

Wiki aliyotakiwa kuondoka alianguka jikoni. Figo zake zote mbili zimekufa. Sasa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anakaa saa nne kwenye kiti, mashine inamsafisha damu na kumtoa maji ambayo figo haziwezi kuyatoa. Viza imekwisha. Yuko hapa bila karatasi.

Na hospitali yenyewe ni ile ninayofanya usafi mimi. Mwaka wa tisa sasa. Ilikuwa ya masista. Masista walikwisha kuzeeka wakaondoka, umebaki msalaba mmoja kwenye ngazi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Jua! Nilimtoa. Tulishuka kituo cha Porte de Namur tukaingia Matonge, mtaa wa maduka ya Waafrika, polepole, amenishika mkono. Akaingia duka la vitenge. Nyumbani yeye ni mfanyabiashara wa vitenge, ana kibanda sokoni Ruvumera. Akashika kitambaa kati ya vidole viwili, akamwambia muuzaji, "Mwanangu, hiki kitachuja mara ya kwanza tu." Yule dada wa Kikongo akacheka, "Maman, usinifukuzie wateja!" Wakaongea nusu saa. Sijamwona hivyo tangu harusi.

Wakati wa kurudi alitamani ndizi. Amekatazwa. Maharage pia, parachichi pia. "Sasa mtu wa Bujumbura ale nini?" akaniuliza, kama vile ni mimi niliyeandika orodha.

Jumatatu, 20 Oktoba

Kilo sitini. Vikombe vitatu. Mvua.

Ijumaa, 24 Oktoba

Leo Bwana Maarten ameniita. Ni mkuu wa ofisi inayoandikisha wagonjwa. Namjua kwa kapu lake la taka: chungwa moja kila siku, na bahasha zilizochanwa vipande vinne. Leo ndiyo mara ya kwanza ameniambia niketi.

Ameniambia kwa upole kabisa. Dada alipokelewa kwa dharura, sawa. Lakini kiti cha mara tatu kwa wiki si dharura tena, ni matibabu ya kudumu. Na kwenye faili la viza kuna mdhamini aliyesaini kwamba dada akiugua atalipa yeye. "Hospitali haiwezi kubeba dunia nzima, Bibi. Mwambie mdhamini wako aje kwanza."

Nikasema ndiyo. Nikainuka, na bila kufikiri nikachukua kapu lake la taka nikalimwaga.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mdhamini ni Papa Willem.

Alhamisi nafanya usafi kwake, Ixelles, nyumba ndefu yenye ngazi nyembamba. Ana miaka sabini na minane. Ujanani alifundisha hesabu Bujumbura, na Kiswahili chake ni kile cha zamani, anasema "tafadhali" na "nakushukuru" hata akiomba kijiko. Mkewe, Bibi Christiane, yuko kwenye nyumba ya wazee na hamtambui tena. Machi, tulipotaka dada aje harusini, Hassan alikuwa ndiyo kwanza amepoteza kazi, kile kiwanda cha magari cha Forest kilipofungwa. Mshahara wangu peke yake haukutosha kumdhamini mtu. Nilimwomba Papa Willem huku nimesimama mlangoni na ndoo mkononi. Alisema, "Niletee karatasi, Mama Mwanvua." Akasaini siku hiyo hiyo.

Sitamwambia. Nitatafuta njia nyingine.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimekwenda kwa Joël. Yeye ni assistant social, ofisa wa ustawi wa jamii, pale hospitalini, kijana wa Bukavu, anavaa koti la mvua hata ndani. Nilimweleza kwa sauti ya chini, nikamwambia, "Baba, nisaidie. Hata kama ni sadaka, tutapokea."

Akafunga mlango. "Maman Mwanvua, ikala kwanza. Bon. Sikia muzuri. Hii haiko sadaka. Iko droit, haki yake. Muntu akiwa mugonjwa, hata kama hana papiers, docteur akiandika kama ni urgent, CPAS, ile ofisi ya misaada ya komini, inalipa hospitali. Ile ni sheria. Na tena hospitali hii haiko ya biashara. Statuts zake, ile sheria iliyoianzisha, zinasema kupokea mugonjwa bila kuangalia mufuko yake. Ndiyo sababu serikali inaipunguzia kodi. Donc si wewe unaomba. Ni wao wana deni na dada yako."

"Na mdhamini?"

Akakuna kichwa. "Alors, pale ndipo shida. CPAS itauliza: garant anaweza kulipa ao hapana? Inabidi aje mwenyewe aseme. Ni nani?"

Nikamwambia bado namtafuta. Nilimdanganya kijana mzuri.

Alhamisi, 30 Oktoba

Kwa Papa Willem. Nilipiga deki ngazi zote tatu. Sikusema kitu. Naye alikuwa kimya kuliko siku zote.

Jumatano, 5 Novemba

Kilo sitini na moja. Nadia ameuliza kama mvua ya huku huwa inakatika. Nikamwambia Mei. Akadhani natania.

Alhamisi, 13 Novemba

Kwa Papa Willem. Sikusema. Aliniuliza, "Dada hajambo?" Nikajibu, "Hajambo, nakushukuru." Nikaona ananitazama.

Jumapili, 16 Novemba

Naandika kwenye korido ya wagonjwa mahututi. Nikingoja kesho nitajisahaulisha.

Ijumaa nilimfikisha dada kama kawaida. Nesi akatazama kompyuta, akatazama tena, akasema jina lake limeondolewa. Aende ofisi ya Bwana Maarten. Ofisi ilikuwa imefungwa, Ijumaa mchana wanaondoka mapema. Joël alikuwa likizo. Nesi alikuwa anataka kulia. Akasema, "Mwache apumzike, Jumatatu watarekebisha." Dada hakuelewa Kifaransa lakini alielewa kiti kilipopewa mtu mwingine. Akafunga mtandio wake vizuri, akaniambia, "Twende nyumbani, mdogo wangu. Usiwabembeleze watu kwa ajili yangu."

Nami nikaondoka naye. Hilo ndilo ninalotaka kuliandika. Najua kila mlango wa jengo hili, najua daktari wa figo anapumzikia wapi, ningeweza kugonga. Nilikuwa nimevaa sare ya usafi, nikaona haya, nikaondoka.

Jumamosi kilo sitini na mbili. Leo asubuhi kilo sitini na tatu na nusu, uso umejaa. Baada ya chakula cha mchana hakuweza kulala chali. Alikaa kitandani ameinama mbele, anavuta hewa kama mtu anayepanda mlima. Akanishika shingo akasema, "Mwanvua, Ruvumera wafunge kibanda. Waambie wafunge." Hassan akapiga simu. Gari la wagonjwa lilikuja upesi. Mapafu yalikuwa yamejaa maji.

Daktari wa zamu hakuuliza karatasi hata moja. Alimweka kwenye mashine palepale. Ndipo akaja daktari wake mwenyewe, Inès, kutoka nyumbani, na koti lake la Jumapili. Akaniuliza kwa nini dada hakuja Ijumaa. Nikamwambia alikuja. Nikamweleza yote. Akaniuliza jina la aliyemwondoa, nami nikalitaja waziwazi, na sikuona haya. Akaketi kwenye kiti cha korido, hapa nilipokaa mimi sasa, akaandika kwa mkono: bila mashine mgonjwa huyu anakufa ndani ya siku chache. Akapiga muhuri. "Hii wapelekee wote," akasema. "Na atakayemtoa tena kwenye kiti changu aje kwangu."

Dada analala. Nimemsikia akikoroma. Sijawahi kufurahia kukoroma kwa mtu namna hii.

Alhamisi, 20 Novemba

Nilipofika kwa Papa Willem nilikuta amekaa mezani jikoni amevaa koti. Mbele yake bahasha ya hospitali.

"Keti, Mama Mwanvua. Leo usipige deki, tafadhali."

"Barua imekuja leo?"

"Imekuja wiki tatu zilizopita. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Nikamwambia kweli: niliona haya. Nikamwambia na habari ya Ijumaa na Jumapili. Aliposikia kwamba dada alikosa pumzi akiwa nyumbani kwangu, aliweka kiganja juu ya bahasha kama mtu anayeziba kitu kisitoke.

"Basi na mimi nikuambie," akasema. "Mimi pia naona haya. Siwezi kulipa. Nyumba hii niliiuza mwaka juzi, nakaa hapa kama mpangaji. Pensheni yangu yote inakwenda kwa Christiane, pale anapotunzwa. Watoto wangu hawajui."

Nilikasirika. Sikutarajia, lakini nilikasirika. "Kwa hiyo ulisaini kitu usichokiweza? Sisi tukakuamini?"

"Kwenye karatasi pensheni yangu inatosha. Kwenye karatasi mimi ni mtu mwenye nacho."

"Sasa kwa nini ulisaini, Papa?"

Akavua koti. "Bujumbura nilikuwa na miaka ishirini na sita. Christiane aliugua homa ya matumbo, na barabara ya hospitali ilikuwa imekatwa na mvua. Jirani yangu mmoja, mama wa watu, alikuja akakaa naye siku tisa. Alimlisha uji kwa kijiko. Hakuniuliza kitu. Nilipotaka kumpa zawadi alikasirika kama wewe sasa. Baadaye alihama, sikumwona tena. Wewe umekuwa humu ndani miaka mingi na umeniomba jambo moja tu, umwone dada yako."

Nikapika chai. Tukanywa pamoja. Miaka yote nilidhani yule mzee ana kila kitu isipokuwa mtu wa kuongea naye. Kumbe hata hizo kuta si zake.

Jumatano, 26 Novemba

Mgomo, hakuna tramu wala metro. Hassan ameazima gari. Kilo hamsini na nane. Vikombe vitatu.

Jumanne, 2 Desemba

Tumekwenda CPAS: mimi, Joël na Papa Willem. Alivaa tai. Alibeba faili la kijani limefungwa kwa kamba.

Aliyetupokea ni msichana umri wa Amira, mtu wa adabu. Anauliza kwa sababu kazi yake ni kuuliza. Papa Willem akafungua faili, akatoa karatasi moja moja: nyumba iliyouzwa, bili za Bibi Christiane, pensheni inavyoingia na inavyotoka. Msichana akauliza, "Je, watoto wako wanakusaidia?" Akajibu, "Sijawaomba." Masikio yake yakawa mekundu. Msichana akauliza tena kama angeweza kuwaomba. Mzee akatazama dirishani, akasema, "Kama ni lazima kwa ajili ya bibi huyu kupata mashine yake, nitawaomba kesho."

Mimi nilitazama sakafu. Nimeona watu wengi wakijieleza kwamba hawana kitu, hata mimi nimewahi. Lakini sisi tulikuja hapa tukiwa hivyo. Huyu alikuwa anavua mbele yetu kitu alichokuwa amekivaa maisha yote.

Nje, mvua. Joël akamfungulia mwavuli. "Merci, Papa. Kweli, merci." Mzee akamjibu, "Usinishukuru. Nilisaini."

Jumatano, 10 Desemba

Yule msichana wa CPAS alikuja kwetu kuhakikisha dada anaishi hapa. Alitazama kitanda, kabati, bafu. Alipoondoka Nadia akasema, "Amehesabu miswaki yetu." Tukacheka mpaka akaomba maji. Nikamnyima.

Ijumaa, 19 Desemba

Nilikuwa chini, naweka kigari cha usafi. Joël akashuka ngazi mbio na lile koti lake. "Maman! Wamekubali! CPAS inalipa, garant anawekwa kando. Kiti ni ya dada yako!" Akanikumbatia na glavu zangu za maji.

Bwana Maarten tulikutana kwenye lifti. Alisema amefurahi. Nadhani ni kweli. Nikamwambia, "Ijumaa ile nilimrudisha nyumbani kwa sababu ofisi yako ilikuwa imefungwa." Lifti ikafika, nikatoka.

Jumapili, 21 Desemba

Nilimweleza Nadia tangu juzi, lakini leo ndiyo ameelewa. Alikuwa anamenya vitunguu. Akasema, "Kwa hiyo karatasi hii maana yake sirudi."

Nikachukua kisu kingine nikamenya naye. Hilo lilitosha.

Alhamisi, 1 Januari 2026

Baruti na fataki nje tangu jana. Dada amekaa upande wa ukuta. Kilo hamsini na saba, na sipendi, maana ni kutokula.

Jumanne, 13 Januari

Tumegombana. Amesema mwezi wa Ramadhani anataka kuwa kwake, afunge mlango wake mwenyewe na kufungua mlango wake mwenyewe. Kila mwaka, siku ya kwanza ya mwezi, anapika futari kwa mtaa mzima: wajane, watoto wasio na wazazi, yeyote. Tangu mumewe afe hajaacha hata mwaka mmoja. "Mimi nilikuwa natoa, Mwanvua. Hapa kila kitu napewa. Hata mkojo wangu napewa na mashine."

"Joël amesema si kupewa. Ni haki yako."

"Joël ni mtoto mzuri. Lakini haki haina harufu ya nyumbani."

Nikampigia Fahad, mwanawe, nikaweka sauti kubwa. Akasema ameuliza kila mahali Bujumbura. Mashine ni chache, zimejaa, wapo wanaongoja na wapo waliokufa wakingoja. "Mama, ukija nitakuzika. Nakuomba."

Nadia akaipokea simu, akaishika kifuani. Na mimi, Mungu anisamehe, moyoni nilifurahi. Nilifurahi kwamba hana pa kwenda isipokuwa kwangu. Naliandika ili nisijidanganye.

Jumatano, 14 Januari

Kilo hamsini na saba. Kimya.

Jumapili, 25 Januari

Theluji kidogo. Baada ya sala ya adhuhuri Nadia aliniita nikae kitandani kwake. Akaanza kunisuka, kama zamani, vidole vyake vimekuwa vyepesi.

"Utakwenda wewe," akasema.

"Wapi?"

"Usinijibu kitoto. Nenda unipikie ile futari. Ufungue nyumba, ipate hewa. Kibanda mwachie Fahad. Nguo zangu gawa. Kaa wiki mbili. Hassan na Amira watanipeleka kwenye mashine, si mtoto mimi."

Nikasema naogopa. Akavuta nywele kidogo. "Unaogopa nini?"

Nikamwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kwamba mwaka ule, kwenye lori, nilimwona amesimama barabara ya mtaa wetu ananipungia, na mimi nikageuza uso. Sikumpungia. Nilijua nikimtazama nitashuka. Tangu siku ile naona kama mtaa mzima uliniona.

Akaendelea kusuka. "Na mimi nilimshukuru Mungu ukageuka," akasema. "Ungenitazama ningekuja kukushusha. Na leo mashine ningeipata wapi?"

Alhamisi, 5 Februari

Nimemwambia Papa Willem kwamba nakwenda. Alitaka kujua mtaa, na kama mito bado inafurika. Ameniomba kitu kimoja: nikipita karibu na ile shule aliyofundisha, nimwambie tu kama ipo. Amesema Jumatano atakwenda kukaa na dada kwenye mashine. "Nitamsomea gazeti kwa Kiswahili changu kibaya." Na kwa watoto wake amekwisha kusema ukweli. Binti amekuja mara mbili.

Alhamisi, 19 Februari. Buyenzi.

Siku ya kwanza ya mfungo.

Nyumba ni ndogo kuliko nilivyoiweka kichwani. Mlango umepakwa rangi ya buluu, zamani ulikuwa kijani. Fahad alinishika bega nikaingia.

Tangu saa nane nimepika. Majirani walikuja kumenya bila kuitwa. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Waliuliza wali uko wapi, chumvi iko wapi. Jua lilipozama uani palikuwa pamejaa, mikeka mitatu na watu mpaka barabarani. Bibi mmoja mzee, macho hayaoni vizuri, alinishika mkono nilipomwekea sahani.

"Nadia, umerudi?"

"Hapana, bibi. Mimi ni mdogo wake."

"Yule aliyekwenda?"

"Ndiyo. Yule aliyekwenda."

"Na Nadia?"

"Yuko kwangu."

Akafikiri. "Basi mmebadilishana," akasema, akaanza kula.

Nilimpigia dada. Niliweka simu katikati ya mkeka, kila mtu akamsalimia kwa jina lake, na yeye akamjibu kila mmoja na kumuuliza habari za watoto, za mguu, za deni la kitenge alilolisamehe palepale. Mwishowe akauliza kama wameshiba. Wakapiga kelele kwamba wameshiba. Akasema, "Haya, kuleni tena."

Sasa wamekwenda. Fahad anaosha masufuria. Nimekaa kwenye kiti chake Nadia, kile cha kamba, karibu na mlango. Miaka ishirini na saba nilikaa Brussels nikiutamani uwanja huu, sauti hizi, vumbi hili. Nimevipata vyote leo, vyote vipo. Na nimekaa hapa nahesabu huko ni saa ngapi, nani amemfunika miguu, kama amelala kwa ubavu wake wa kushoto.